Miezi Mitano na Ukuta wa Mkate

Kwa miaka 11 nilikula kwa herufi. Mombasa, kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea, nimeandika "Hoteli", "Kinyozi", "Chai Saa Zote", "Kukopa Harusi Kulipa Matanga", na majina ya mikokoteni ambayo mengine siwezi kuyataja mbele ya mamangu. Kwa hiyo siku niliposimama hapa Leicester, Uingereza, mbele ya ukuta wa matofali wenye neno moja kubwa lililopauka, HOVIS, nikaamua kulichora kwa rangi za maji, nilijua hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Herufi tano tu. Nilianza Oktoba, nikamaliza Machi, na karatasi tatu nzuri zimeharibika katikati.

Ukuta wenyewe ni ubavu wa nyumba ya mwisho katika safu ya nyumba zilizoungana, zile za matofali mekundu ambazo mji huu umejaa tangu enzi za viwanda vya soksi na viatu. Zamani nyumba hiyo ilikuwa duka la mwokaji mikate, sasa wanakaa watu tu. Mimi nafanya kazi ya usiku katika ghala, na nikishuka basi asubuhi ukuta huo ndio unaonipokea. Juu kabisa HOVIS, kwa rangi ambayo si nyeupe wala si ya maziwa. Chini yake BAKER, yaani mwokaji, ambayo B yake imebaki tumbo la chini peke yake. Chini zaidi kuna "& SON", na mwanawe. Jina la baba limekwisha kabisa. Mwana amebaki pale ukutani hana baba, nami kila nikipita namsikitikia kidogo, kisha naenda kulala.

Nilipouliza kazini HOVIS ni nini, nilichekwa. Ni mkate wa rangi ya kahawia ambao kila Mwingereza ameula utotoni. Unga wake ulibuniwa na Richard Smith, aliyegundua kwamba kiini cha ngano kikipigwa mvuke hakichachi upesi, kwa hiyo kinaweza kurudishwa ndani ya unga badala ya kutupwa. Jina lilipatikana mwaka 1890 kwa shindano. Mshindi, mwanafunzi aliyeitwa Herbert Grime, alifupisha maneno mawili ya Kilatini, hominis vis: nguvu za mtu. Waokaji wa mitaani walinunua unga huo, wakaoka mkate ndani ya kalibu zenye jina hilo, na mkate ukatoka umeandikwa ubavuni. Mimi niliyekulia boflo ya karatasi nyembamba sikuwahi kuwaza kwamba mkate wenyewe unaweza kuwa kibao.

Waingereza huyaita maandishi ya aina hii maandishi ya mizimu. Jina hilo silipendi. Mzimu ni wa mtu aliyekufa, na rangi hii haijafa, imekonda. Kinachoishikilia ni risasi. Simaanishi ya bunduki, namaanisha madini, yaliyogeuzwa kuwa poda nyeupe na kukorogwa na mafuta ya kitani. Tofali lilikunywa ile rangi. Haikukaa juu kama ganda. Rangi nyingine zilizokuwa kando yake zilichomwa na jua zikaondoka, nyeupe ikang'ang'ania. Risasi hiyo hiyo iliwadhuru mafundi walioipaka: tumbo liliwasokota, na wengine mkono ulilegea kwenye kifundo, kiganja kikaning'inia kama tambara. Nilipolisoma hilo nilikunja na kukunjua kifundo changu cha kulia mara mbili tatu, pale pale kwenye basi.

Rangi za maji zenyewe sikuzitafuta. Binti yangu alinunuliwa kisanduku kwa ajili ya shule, akachora farasi wawili, akachoka. Nikakirithi. Mtu aliyezoea rangi ya mafuta anapoingia kwenye rangi za maji huwa kama dereva wa lori aliyepewa baiskeli: anajua barabara, lakini mwili wake haujui. Katika rangi ya mafuta nyeupe ni bwana. Umekosea? Funika. Umekosea tena? Futa kwa tapentaini, ufunike. Kwenye rangi za maji nyeupe haimo ndani ya kisanduku, nyeupe ni karatasi. Unachotaka kibaki cheupe hukigusi, basi. Hilo nilikuwa nimelisikia. Mkono ulikuwa haujalisikia.

Karatasi ya kwanza nilipaka ukuta wote mwekundu, vizuri kabisa, nikangoja ukauke. Kisha nikachukua kile kichupa kidogo cha rangi nyeupe nzito ambacho watu wa rangi za maji hukionea haya, na kwa mkono wa miaka 11 nikaandika HOVIS. Mstari wa H ulishuka wima bila kutetemeka. Duara la O lilifunga kwa mapigo mawili, kushoto na kulia, kama nilivyofundishwa. Niliridhika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Nilipoirudia ile karatasi niliona ukuta wa zamani uliobandikwa stika ya jana.

Fundi aliyenifunza kazi alikuwa na kipimo kimoja: herufi isomwe na mtu aliye ndani ya matatu inayokimbia. Ukimpelekea kibao alikuwa hakisogelei, anavuka barabara. Akivuka na kuendelea kutembea bila kugeuka, ujue umefaulu. Herufi zangu za karatasi ya kwanza angevuka nazo barabara. Ndiyo ilikuwa kasoro yake. HOVIS ya ukutani haisomwi hivyo. Nusu unaisoma, nusu unaisaidia.

Karatasi ya pili nilijifanya mwerevu. Shangazi yangu wa Majengo alikuwa akitengeneza batiki: anamwaga nta mahali asipotaka rangi ifike, anachovya kitambaa, kisha anachemsha kuitoa nta, na ua jeupe linatokea. Nikagundua kwamba wachoraji wa rangi za maji wana nta yao. Ni maji ya mpira yanayonuka kama mkojo wa paka. Unayapaka kwenye karatasi, yanakauka yakawa ngozi, unapaka rangi juu yake bila woga, mwishowe unaichuna ile ngozi. Sikuambiwa kwamba brashi lazima ichovywe sabuni kwanza, kwa hiyo brashi yangu ya kwanza iligeuka kijiti chenye kichwa cha mpira. Wala sikuambiwa kwamba mpira huo haupendi joto. Novemba hapa karatasi haikauki, na mimi nilitakiwa niwe usingizini kabla ya saa nne asubuhi, basi nikachukua mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu. Mpira uliiva. Nilipoanza kuchuna, V ilitoka na ngozi ya karatasi, ikabaki jeraha lenye manyoya.

Hata zile herufi nyingine nne zilizochunika salama hazikunifaa. Kingo zake zilikuwa kali kama zimekatwa kwa wembe, yaani stika ile ile, sasa imebandikwa kwa ndani.

Hapo ndipo nilipoacha kuchora nikaanza kwenda kuutazama ukuta kwa makusudi, na futi ya fundi mkononi, kama mtu wa baraza la mji. Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza kuzungumza na ndugu yangu kwa simu, nikasikia nyuma yangu:

"Fundi! Wewe natoka Mombasa. Kiswahili yako nasema yenyewe."

Nikageuka. Mzee wa Kihindi, kofia ya sufu, fimbo, mfuko wa mboga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba. Nataka nunua hii nyumba?"

Nikamwambia sinunui, nachora. Akaukodolea macho ukuta, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakohoa. Alizaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, yeye alikuwa kijana aliyemaliza shule karibuni. Alinisimulia jambo ambalo baadaye nilikuta ni la kweli na wazee wote wa Leicester wanalijua: mwezi wa Septemba mwaka huo baraza la mji huu lilinunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus, likawaandikia Wahindi kwamba Leicester imejaa, nyumba hazipo, shule hazipo, wasije.

"Baba yangu nasoma hiyo," mzee akasema. "Yeye hajui Leicester iko wapi. Lakini anasema, kama nalipa pesa kutuambia tusikuje, basi iko kitu huko."

Katika miaka yangu yote ya vibao sijawahi kusikia tangazo lililofanya kazi kushinda hilo. Maelfu walikuja. Ukipita barabara ya Belgrave leo, kwenye maduka ya sari na dhahabu, bado unaweza kumkuta bibi anayeomba chenji kwa Kiswahili cha Kampala.

Kituo cha basi kinatazamana na ule ukuta. Mzee alikuwa amengoja basi mbele yake, kwa hesabu yake mwenyewe, karibu miaka hamsini, kwanza akienda kiwanda cha soksi, baadaye hospitali, sasa sokoni. Nilipomwonyesha picha ya karatasi ya pili kwenye simu, hakuangalia herufi hata kidogo. Aliinua fimbo akaanza kugonga hewa.

"Hapana. Wewe nafanya tofali yote refu. Angalia. Safu hii refu, refu, refu. Safu hii refu. Safu hii refu. Sasa hii, fupi, fupi, fupi."

Nilitazama. Kweli. Safu tatu za matofali yaliyolazwa kwa ubavu, kisha safu moja ya matofali yaliyoingizwa kichwa ndani, ambayo kwa nje unaona kipande kifupi tu, kisha safu tatu za ubavu tena. Ndivyo ukuta mnene unavyofungwa: yale yaliyoingia kichwa hushikamanisha tabaka la nje na la ndani. Mimi nilikuwa nimechora matofali kama mtoto anavyoyachora, yote sawa, kila moja limepanda katikati ya mawili. Nimekuwa nikitazama herufi maisha yangu yote. Kilichozibeba sikuwahi kukitazama. Mombasa ukuta ulikuwa lipu, laini, na kazi yangu ilikuwa kuusahaulisha.

Basi nikahesabu. Herufi H ina urefu wa safu 17. Matofali ya zamani, safu nne na saruji yake hufika kama sentimita 30, kwa hiyo H ni kama mita 1.3, kimo cha mtoto wa miaka minane. Hesabu hiyo ilinipa heshima mpya kwa yule aliyeiandika, juu ya ngazi, kwenye uso wenye mashimo, akifuata mistari ya chaki. Aliipita mifereji ya saruji mara 16 kwa kila mguu wa H na mguu haukuyumba. Kama yupo fundi anayesoma hapa atajua ninachosema: jaribu kuvuta mstari wima juu ya bati lenye mawimbi.

Mzee alipanda basi lake. Kabla mlango haujafungwa akanipigia kelele, "Fundi! Ngoja mvua!"

Nilidhani ananionya nisilowe. Mvua ilikuja juma lililofuata, ile ya hapa isiyonyesha wala kuacha kunyesha. Nikashuka basi, nikainua macho, nikasimama. HOVIS ilikuwa imekaribia, sijui niseme vipi. Tofali likinywa maji linakolea, linakuwa kama ini, lakini pale penye rangi ya risasi na mafuta maji hayaingii sawasawa, kwa hiyo panabaki pakavu kwa macho, papo peupe. Kila herufi ilisimama mbele ya ukuta hatua moja. Na chini ya O na V, mahali ambapo siku zote niliona mkunjo fulani usio wa herufi yoyote, palikuwa na neno jingine, la zamani zaidi, limepinda kidogo: TEA. Chai. Mtu mwingine kabla ya mwokaji aliuza chai hapo, na mwandishi wa HOVIS hakujisumbua kumfuta vizuri. Nilisimama nikilowa. "Chai Saa Zote" nimeiandika labda mara sitini.

Karatasi ya tatu nitaipita haraka kwa sababu ilikufa haraka. Niliamua kutoacha weupe popote: nipake ukuta wote, kisha niziinue herufi kwa brashi yenye maji safi na kitambaa, nikifuta taratibu kama jua lilivyofuta. Wazo lilikuwa zuri. Rangi haikuwa nzuri. Nilikuwa nimechagua nyekundu kali ya kiwandani, nayo ni ya wale wageni wakifika hawaondoki: imeingia kwenye nyuzi za karatasi, ukisugua inabaki waridi. HOVIS ya waridi. Mke wangu akauliza hii ni saluni ya wapi.

Desemba tulikwenda Mombasa, harusi ya mpwa wangu. Siku ya tatu nikatoroka maandalizi nikazunguka kutafuta kazi zangu. Nyingi hazipo. Siku hizi mtu akifungua duka anakwenda kuprintiwa bango la plastiki, ndani ya saa mbili liko tayari, lina picha ya soda na picha ya mwenye duka, na mwaka mmoja baadaye limechanika linapiga kelele kwenye upepo. Siwalaumu. Bei yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mashine, na mashine haiombi chai.

Lakini kuna duka moja nililoandika ukuta wake mzima, KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, siku mbili za jua. Ukuta nikaukuta. Maneno hayapo: kampuni fulani imeupaka wote rangi yake, kuanzia chini mpaka kwenye bati. Nikaukaribia, na sijui kwa nini, nikaweka kiganja. Nikayakuta. Rangi ya mafuta juu ya lipu haizami, inakaa juu na kuacha ukingo, na ukingo huo ulikuwa umetokeza chini ya rangi mpya kama kovu chini ya shati. Nikafuata kwa kidole. K. Mguu wa U. K nyingine. Nilikuwa nimefika kwenye P ya KUKOPA kijana alipotoka nyuma ya kaunta.

"Unatafuta nini, ami?"

"Natafuta mkopo."

"Hapa hatukopeshi."

"Najua," nikamwambia. "Nimeandika mimi."

Hakuelewa, na mimi sikuwa na nguvu za kumweleza. Nikanunua soda nikaondoka. Njiani ndipo lilinijia lililokuwa limenishinda tangu Oktoba. Herufi zangu za Mombasa zina ukingo kwa sababu zilikaa juu ya ukuta. Zile za Leicester zilizama. Haziko juu ya tofali, zimo ndani yake, na zimeondoka tofali moja moja, kila moja kwa ajali yake. Hapa uso wa tofali umebanduka kwa baridi, ukaenda na kipande cha rangi. Pale tofali liliungua zaidi tanuruni likawa gumu kama chungu, halikunywa, rangi ikateleza mapema. Na mifereji yote katikati ya matofali imeshajazwa upya, kwa hiyo ndani yake hakuna rangi hata chembe. Herufi ninayoiona kama kitu kimoja ni matofali mengi yasiyojuana. Na mimi nilikuwa nahangaika na ukingo wa kitu kisicho na ukingo.

Karatasi ya nne nilinunua ya pamba, nzito, gramu 300 kwa mita mraba, nikaibandika ubaoni pande zote nne isijikunje. Nikachora safu zote kwa penseli: tatu refu, moja fupi. Juu yake nikaweka herufi kwa mstari mwembamba sana, kwa mkono wa kushoto, kusudi usiwe mzuri. Kisha maji mengi yenye manjano kidogo ya udongo juu ya karatasi yote, herufi na zisizo herufi, maana nyeupe ya ule ukuta si nyeupe. Hapo nikawa nimeshaaga weupe wa karatasi, na kwa mara ya kwanza sikuogopa.

Nyekundu kali niliiweka kando. Nilichukua ile rangi ya udongo uliochomwa iitwayo siena, nikaichanganya na buluu ya ultramarini. Ukizidisha siena unapata tofali la jua, ukizidisha buluu unapata tofali la masizi, na ukiziacha zikutane zenyewe kwenye karatasi mbichi unapata kitu ambacho hukukipanga. Buluu hiyo ina chembe nzito. Maji yakikauka chembe zinakaa ndani ya vishimo vya karatasi, na ukiinama unaona uso wa tofali kweli, una ukavu, una vumbi. Sehemu ya juu chini ya paa niliizidishia, kwa sababu pale masizi ya makaa ya mawe bado yapo. Sheria ya kusafisha hewa ilikuja mwaka 1956, na kabla ya hapo kila nyumba ya mtaa huu ilitoa moshi wake.

Halafu nikapaka tofali moja moja. Nje ya herufi, rangi kamili. Ndani ya herufi, rangi ile ile imeongezwa maji, tofali hili maji mengi, lile kidogo, na kila baada ya matano au sita nikaacha moja liwe jekundu kabisa katikati ya mguu wa H kana kwamba halikuwahi kuandikwa. Kwa karibu hakuna herufi yoyote, ni matofali yaliyopauka na yasiyopauka. Kila usiku wa mapumziko nilifanya safu mbili au tatu. Rangi za maji zikikauka hufifia kuliko ulivyoziona mbichi, kwa hiyo nililazimika kupaka ukuta mweusi kuliko niliopenda na kulala bila kujua nimefanya nini. Asubuhi naiegemeza karatasi kwenye jokofu, narudi mpaka mlangoni, natazama. Wiki ya pili ya Februari, kutoka mlangoni, H ilikuwepo.

Kazi ngumu kushinda zote ilikuwa S. Mkia wa S ya ukutani haupo. Umeishia njiani, safu ya kumi na tatu, na macho yako ndiyo yanayomalizia. Nilifika safu hiyo saa tano usiku, brashi imejaa, na mkono ukaanza kukunja wenyewe. S nimeziandika maelfu, mkono unaujua ule mzunguko kuliko unavyolijua jina langu. Nilinyanyua brashi, nikaiosha, nikaukalia mkono wangu wa kulia, kweli nikaukalia, mpaka hamu ikapita. Kisha nikapaka matofali mekundu manne mahali ambapo mkia ungekuwa, nikaenda kulala.

TEA niliitoa mwisho, kwa brashi safi iliyolowa kidogo na kona ya kitambaa. Siena na buluu zinakubali kuinuliwa kama ukiziomba polepole. Haionekani ukiwa mbele. Lazima usimame pembeni.

Machi nikamwalika mzee wa Jinja nyumbani, maana nusu ya kazi ilikuwa yake. Nilizipanga karatasi zote nne kwenye meza ya jikoni, tatu zilizoharibika upande mmoja na ya nne peke yake karibu na dirisha. Alivaa miwani. Alianza na ya nne, akaisogeza, akaigeuza, akahesabu safu kwa ukucha. "Tatu refu, moja fupi. Sawa." Akaiweka chini. Akaiona TEA? Sijui, hakusema. Akaenda kwenye zile zilizoharibika, akachukua ya kwanza, ile ya stika, akanyoosha mkono akaishika mbali na uso wake.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo nzuri."

"Mzee, hiyo niliiharibu."

"Naharibu nini? Hii nasomeka."

Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagusa friji, bado anaisoma. Akauliza bei. Nikamwambia achukue tu. Akakataa, akasema kwao mtu wa duka hachukui bure, akaniachia bakuli la chevda iliyokaangwa na mkewe, ikiwa na pilipili na zabibu, akaikunja karatasi yangu kwa uangalifu akaitia kwenye mfuko wa mboga. Sasa imetundikwa ukumbini kwake, mke wangu ameiona. Anasema unaweza kuisoma ukiwa barabarani.